Mstari wa Chini ya Barua

Barua kutoka kizuizini zilifika kwa chifu siku ya Ijumaa, na zilisomwa Jumapili baada ya ibada. Msomaji nilikuwa mimi. Katika kijiji chetu kizima cha wanawake, wazee na watoto, waliojua kusoma vizuri walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa karani wa chifu, aliyezipitia barua zilipofika, na hakuna mwanamke aliyetaka jicho la karani lipite juu ya barua ya mumewe mara ya pili. Wa pili ni mimi, niliyefika darasa la nne katika shule ya misheni kabla ya kuolewa na mwalimu wa shule hiyo hiyo.

Nilikaa juu ya gogo nje ya kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo, bila kuta, kwa sababu kijiji kilikuwa kipya. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye mashamba yetu na kutukusanya mahali pamoja, nyumba kwa safu, chini kidogo ya msitu wa Mlima Kenya. Wanawake walikuja mmoja mmoja na karatasi zao. Karatasi ilikuwa moja kwa kila mtu, ina mhuri wa kambi na mistari michache ya kuandikia. Mfungwa hakuruhusiwa kumtaja mfungwa mwingine, wala kazi, wala chakula, wala ugonjwa. Akijaribu, mkaguzi alifuta kwa wino mweusi. Kilichobaki kilikuwa salamu.

Kati ya nyumba yangu na ya mke wa fundi kulikuwa na hatua kumi na moja. Nilizihesabu siku tuliyohamia. Ndivyo nilivyo, nikiwa na hofu huhesabu. Mume wake alikuwa seremala. Kabla ya serikali kutangaza Hali ya Hatari alikuwa akitengeneza milango na maghala katika shamba la ngano la mzungu kule Timau. Mume wangu ndiye mwalimu niliyemtaja. Walikamatwa siku moja, wakapandishwa lori moja, wakapelekwa kambi moja. Siku ile mimi na mke wa fundi tulikuwa sawa kabisa. Tulilia pamoja mpaka sauti zikaisha.

Kisha barua zikaanza kuja, na zikaja kwake.

Kwa miaka mingi nimewasimulia watu habari hizi kana kwamba nilimfurahia jirani yangu. Sikumfurahia. Seremala alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, katika darasa la ubatizo, na aliyemfundisha ni mume wangu. Herufi zake zilikuwa kubwa na zililala kila upande kama mbuzi waliofunguliwa. Mume wangu aliandika mwandiko ulionyooka hata bila mistari; wazungu wa misheni walimpa orodha zao aandike. Lakini kila mwezi, au mwezi na nusu, mbuzi wale walifika, na mwandiko ulionyooka haukufika. Nilikaa miezi minane nikiwasomea wanawake wengine waume zao.

Barua ya seremala ilikuwa na desturi yake. Chini kabisa, baada ya salamu, aliandika kifupi cha jina la kitabu cha Biblia, kisha sura na mstari. Mkaguzi hakuwahi kufuta sehemu hiyo. Mimi nilifungua Agano Jipya langu dogo, nikatafuta mahali, nikamsomea mke wa fundi mara tatu. Naye alirudia mara tatu akiwa amefumba macho, na baada ya hapo yale maneno yalikuwa yake. Hakuyasahau tena.

Jumatatu aliyapeleka handakini.

Tulikuwa tukichimba handaki kwenye ukingo wa msitu, kwa amri, kila mwanamke mwenye nguvu. Lilitakiwa liwe pana kiasi cha mtu kushindwa kuruka, na lenye kina cha kumficha mtu aliyesimama. Ndani yake tulisimika mianzi iliyochongwa ncha. Lengo lilikuwa wapiganaji wa msituni wasivuke kuja kutafuta chakula. Baadhi yetu tulikuwa na ndugu upande wa pili, na mama mmoja mzee aliyefanya kazi karibu nami alikuwa na mwana huko. Alichonga mianzi ile kwa panga taratibu sana, na homugadi, mlinzi wetu wa serikali, akimkemea alijibu, "Mwanangu, panga langu ni zee kama mimi. Ukitaka haraka, nioe unipe jipya."

Wakati wa kupumzika, wanawake walimgeukia mke wa fundi. "Haya, leo kuna nini?"

Naye alikuwa akisema. Hakuhubiri. Alisema maneno kama mtu anayewapa wenzake habari aliyoisikia njiani asubuhi ile. Siku moja ilikuwa habari kwamba hata nywele za kichwa cha mtu Mungu anaijua hesabu yake. Mama mzee akavua kitambaa, akaonyesha kichwa kilichonyolewa.

"Mimi nimempunguzia kazi!"

Wanawake walicheka mpaka homugadi akaja ukingoni. "Handaki halichimbwi kwa midomo!"

"Na wewe hulindi kwa masikio," mama mzee akamwambia. "Geuka utazame msitu."

Jioni nilisikia wale wale wanawake wakiteka maji mtoni, wakiulizana kuhusu nywele. Mmoja alisema, "Kama nywele zina hesabu, basi na yule wangu ana hesabu yake mahali." Alisema hivyo akainua mtungi. Nilitembea nyuma yake nikiwa nimekasirika. Mstari ule niliutafuta mimi na kuusoma mimi, kwa macho yangu na kitabu changu. Lakini mtoni ulikuwa neno la mke wa fundi.

Alikuwa mmoja wa wale walioitwa waliookoka. Wao walikutana Alhamisi, wakaimba, wakaungama mbele ya wenzao mambo ambayo sisi wa misheni ya zamani tuliyazungumza na Mungu peke yake, na kwa sauti ya chini. Sheria yao kubwa ilikuwa kwamba ukimkosea mtu, humwendei Mungu kwanza. Unamwendea yule mtu. Mimi niliona hayo ni mambo ya watu wasiosoma. Na bado nilimwonea wivu hata namna alivyokaa ibadani, miguu imenyooshwa, kama mtu aliye nyumbani kwao.

Jumapili ninayotaka kuieleza ilikuja mwishoni mwa mvua. Mke wa fundi alinipa barua, akakaa chini na mikono yake magotini. Nilisoma salamu kwa mama, salamu kwa watoto, salamu kwa ng'ombe, bila kujua kwamba serikali ilikuwa imeshamchukua. Kisha nikasoma hivi: Nimepata kipande cha mti mzuri nikachonga mwiko. Mpini nimeupima kwa mkono wako ninavyoukumbuka.

Mke wa fundi alitazama mkono wake. Aliugeuza, akatazama kiganja, akaufunga.

Sina namna ya kueleza kilichonipata, ila kwamba nilikunja ile karatasi. Chini yake niliona kuna maandishi bado, mengi kuliko kawaida. Sikuyasoma hata kwa macho. Niliikunja mara mbili nikampa.

"Mstari je?" akauliza.

"Safari hii hakuna."

Alinitazama, akaitazama karatasi, akaiweka kifuani ndani ya nguo. "Asante, bibi mwalimu," akasema. Akaondoka.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Jumatatu walipomuuliza kuna nini leo, alitikisa kichwa, nami nilikuwa karibu nikiinua karai la udongo, na karai likawa jepesi. Nilijiambia kwamba sasa tuko sawa tena.

Wiki ya pili alinyoa nywele. Nilifikiri ni chawa. Kijiji kilijaa chawa. Wiki ya tatu aliacha kuja Alhamisi kwa wenzake waliookoka. Nilimwona akimpa mtoto wake mdogo uji, na kijiko kikasimama katikati ya bakuli na mdomo wa mtoto, na mtoto akangoja, akangoja, kisha akalia. Niliona hayo yote. Mimi ni mtu wa kuona. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa kuambiwa.

Handaki likawa kimya. Zilisikika sururu tu, na mama mzee akikohoa. Siku moja yeye ndiye aliyeniambia, "Bibi mwalimu, si una kitabu? Tupe neno wewe."

Nilikitoa kitabu kwenye kitambaa changu. Nilichagua mahali pazuri. Nilisoma vizuri, vituo vyote mahali pake, kama mume wangu alivyonifundisha. Nilipomaliza, wanawake waliitikia amina kwa heshima.

"Umesoma vizuri sana," mama mzee akasema. "Sasa nani atatuambia?"

Niliporudi nyumbani nilipika mahindi na maharagwe, na nikiwa nachochea moto nilijikuta nasema kwa sauti ile habari ya nywele. Sikuisema kama ilivyo kitabuni. Niliisema kama alivyoisema yeye, kwa maneno yake, na hata ile pumzi aliyoivuta katikati. Ndipo nilipojua kwamba kwa miezi minane nilikuwa nakula kutoka chungu chake. Nilikuwa nimewanyima wote chakula nikajinyima na mimi.

Hata hivyo sikwenda kwake. Hatua zilikuwa kumi na moja, na zilinishinda.

Yeye ndiye aliyekuja, wiki ya sita, handakini, saa sita mchana. Nilikuwa nimekaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa udongo. Alishuka akasimama mbele yangu, na kichwa chake kilikuwa na nywele fupi zilizoanza kuota.

"Nimengoja unieleze mwenyewe," akasema. "Najua habari ya namna hii haidaiwi. Anayeibeba ndiye huchagua saa yake. Lakini nimechoka, bibi mwalimu. Niambie tu. Amekufa?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Kusoma sijui, lakini namba nazijua. Kadi yangu ya handaki ina namba, na naiona kila asubuhi. Mume wangu huandika namba mbili chini ya barua. Safari hii ziko nyingi. Wewe ukaziona, ukanyamaza, ukakunja karatasi haraka kama mtu aliyeshika moto. Nikasema, labda aliyeongeza namba hizo ni mtu mwingine, kutuarifu kifo; huyu ameona jambo baya na ananihurumia. Nikasema, nimwache, atanieleza akipata nguvu."

Nilimtazama kichwa.

"Ulifikiri nilinyoa kwa ajili ya chawa?" akasema.

Kwetu mwanamke hunyoa akifiwa na mumewe. Nilikuwa nimeliona hilo tangu utoto wangu mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na sikulitambua lilipokuwa hatua kumi na moja kutoka mlangoni kwangu. Kwa wiki zile alikuwa akiomboleza mtu ambaye sikujua kama yu hai au amekufa, kwa sababu sikusoma.

Ningeweza bado kudanganya. Ningesema macho yalichoka, au wino ulififia. Wanawake walikuwa wameacha kula wakatutazama. Ilikuwa kama Alhamisi ya waliookoka, ila mimi sikuwa mmoja wao na hapakuwa na wimbo.

"Sikuona jambo baya," nikasema. "Sikuona chochote. Sikuusoma. Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa mwiko."

Aliutazama mkono wake. Kisha akainama, akaokota bonge la udongo, akanitupia. Lilinipata begani. Akaokota la pili.

"Wiki sita! Wiki sita nimemzika mtu mzima! Nimemlilia, nimeacha kumwombea, nani humwombea maiti? Wewe ni shetani aliyekwenda shule!"

"Mpige tena," mama mzee akasema kutoka juu. "Hilo la kwanza lilikuwa dogo."

Homugadi akauliza kuna nini. Mama mzee akamjibu kwamba ni ibada, na asiingilie dini za watu.

Mke wa fundi hakulitupa bonge la pili. Alilifinya mpaka likawa vumbi, akakaa chini karibu yangu, na sikujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili. Alikuwa amepata mume kwa mara ya pili.

"Unionee wivu mimi," akasema hatimaye. "Mimi nisiyelijua jina langu likiandikwa. Unajua mimi nimekuoneaje wivu wewe? Kila Jumapili maneno ya mume wangu hupita kwako kwanza. Yule ni mume wangu, na wewe ndiye humsikia kabla yangu. Nilikuwa nikitazama midomo yako nikisema, Bwana, nisamehe, ningeweza kumng'oa meno." Akajipangusa uso kwa mkono wenye udongo. "Hilo nililiungama Alhamisi moja. Ila si kwako. Sheria ni kukwambia wewe, na niliogopa ungeacha kunisomea. Basi tumekwisha ambiana."

Akatoa barua kifuani. Ilikuwa imelainika kama kitambaa.

"Soma."

Nilisoma. Mstari wake ulikuwa wa kwanza. Ulihusu yule aliyeianza kazi njema ndani ya watu wake, kwamba hataiacha nusu. Maneno ya kumfaa seremala. Alirudia mara tatu na macho yamefumbwa, na huko juu niliwasikia wanawake wakirudia naye, chini chini.

Kulikuwa na mstari mwingine bado. Herufi zilikuwa zimebanwa kwa sababu karatasi ilikwisha. Iliandikwa: Na huyu anayekusomea, asome na hapa. Kisha kifupi cha Injili ya nne, sura, na aya mbili.

Nilifungua kitabu. Vidole vyangu vilijua ni wapi kabla ya macho. Ni habari ya wale dada wawili wa Bethania waliotuma ujumbe kwamba yule anayependwa anaumwa, na jibu lililorudi kwamba ugonjwa ule hautaishia kwenye kifo.

Mfungwa hakuruhusiwa kumtaja mfungwa mwingine, wala ugonjwa. Lakini mkaguzi hakufuta Neno.

Niliisoma tena, na tena, mara tatu, na hakuna aliyeniambia nirudie. Mume wangu alikuwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa wiki sita zilizopita, na seremala alikuwa pale karibu naye, na alitaka nijue mambo mawili, la kuumwa na la kutokufa. Habari yangu ya kwanza baada ya miezi minane ilikuwa imelala kifuani kwa jirani yangu, kwenye karatasi niliyoishika kwa mikono yangu mwenyewe nikaikunja.

"Ni mwalimu?" mke wa fundi akauliza. Aliona usoni.

"Ni mwalimu."

"Anasemaje?"

"Anaumwa. Lakini si wa kufa."

"Basi si wa kufa," akasema, kwa ile sauti yake ya habari za njiani. Ndivyo nilivyopokea. Kama ningejisomea peke yangu nyumbani, nadhani ningesoma neno la kuumwa tu.

Jumapili iliyofuata tuliandika jibu. Yeye alikuwa na karatasi ya kujibu, mimi sikuwa nayo. Alisema yake, nami nikaandika: watoto wazima, ng'ombe tutazungumza, mkono wangu ungali vile vile. Mstari wa mwisho alinipa.

Nilikaa na kitabu magotini. Mimi niliyekisoma chote mara mbili sikujua nichague nini. Kila nilipofungua niliona maneno makubwa mno au madogo mno.

"Andika ule ule aliokutumia," akasema. "Umrudishie. Atajua umefika."

Hata hilo nilimwonea wivu, kwamba aliliwaza yeye. Niliandika.

Tulingoja wiki saba. Handakini alisema maneno yake kama zamani, na mama mzee akazijibu nywele na maua na ndege. Mimi nilisimama karibu zaidi sasa, na karai. Kila asubuhi nilisema, si wa kufa, kwa sauti yake, kisha nikajaribu kwa yangu. Siku nyingine ilitoka, siku nyingine haikutoka.

Barua ilipofika nilianza kusoma kutoka chini, na yeye akaniruhusu. Mstari wake, kisha wangu. Wangu ulikuwa habari ya yule binti aliyeshikwa mkono akainuliwa kitandani. Lakini seremala hakuandika aya ya kuinuliwa. Aliandika ile ya mwisho kabisa, ambayo watu huipita, pale Bwana anapoagiza kwamba mtoto apewe chakula.

Mke wa fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Alinishika mkono akauvuta kwa nguvu.

"Anakula! Mwalimu anakula!"

Ikapita toka kinywa hadi kinywa mpaka kwa mama mzee, aliyekuwa chini ya paa la kanisa. Akasema, "Asifiwe Bwana. Waume wa watu wanakula na sisi tuna njaa."

Seremala aliachiwa kabla ya mume wangu, kwa miezi minne. Nilikwenda kumpokea pamoja na wengine. Aliniambia kwamba mwalimu alinyimwa karatasi tangu mwanzo kwa kukataa kusema walichotaka aseme, na kwamba homa ya matumbo ilimwacha mifupa lakini sasa anatembea. Kisha akafungua mfuko wake akatoa mwiko. Mke wake aliushika, na mpini ukaenea kiganja chake sawasawa. Akanipa na mimi niushike. Mpini ulikuwa mfupi kwangu.

Kwa miezi ile minne nilisikia nyundo kila asubuhi, hatua kumi na moja kutoka kwangu, na kila asubuhi niliona wivu. Nilikwenda nikamwambia, kama ilivyo sheria yao. Alinisikiliza huku akikoroga uji kwa ule mwiko.

"Vizuri," akasema. "Umeshasema. Haya, mwalimu anafanyaje leo?"

"Anakula," nikasema. "Anatembea."

"Na?"

"Anakuja."

Akanijazia bakuli.